Mkono Ulioteguka

Wengi wetu akina mama tumewahi kuteleza na kuukinga mwili kwa kiganja. Sakafu ya bafuni ina sabuni, au ngazi imelowa mvua, na kabla hatujajua tumeshatua juu ya mkono. Tunafunga kitambaa, tunaendelea na kazi, maana nani atawapikia watoto?

Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Siku ya tatu mkono ulikuwa bado umevimba, akaenda hospitali, akapigwa eksirei, akaambiwa mfupa haukuvunjika. Alirudi nyumbani akishukuru. Miezi minne baadaye alikuwa hawezi kukamua shuka wala kusonga ugali, na kila alipougeuza mkono kitu kililia ndani. Jirani alishamkanda kwa mafuta moto mpaka akachoka.

Hakudanganywa. Mfupa kweli ulikuwa mzima. Lakini kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, nayo imeshikana kwa kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ukiangukia kiganja, kano inayoumia mara nyingi ni ile iliyo kati ya mfupa wenye umbo la mtumbwi, upande wa kidole gumba, na jirani yake wenye umbo la mwezi mwandamo. Eksirei huonyesha mifupa. Kano yenyewe haionekani.

Hata hivyo eksirei husaidia ikipigwa kwa maarifa. Daktari anaweza kuagiza ipigwe huku umekunja ngumi kwa nguvu. Ngumi huisukuma ile mifupa miwili, na kama kano imekatika, nafasi kati yake hupanuka. Ikizidi milimita 3 daktari hushuku. Mkono mzima nao hupigwa, ili ulinganishwe na ule mgonjwa. (Picha maarufu ya kwanza ya namna hii ilikuwa ya mkono wa mke! Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alimpiga mkewe, Anna Bertha, na pete yake inaonekana wazi kidoleni.)

Ipo pia ultrasaundi, ileile tunayoijua wakati wa ujauzito. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na mpimaji anaweza kuitazama kano huku unachezesha mkono. Ila inategemea sana uzoefu wa huyo mpimaji.

Kipimo kinachoonyesha zaidi bila kukata ni MRI, mashine ya sumaku kubwa. Utalala bila kutikisika kama nusu saa, na mashine ina makelele. Vua pete, hereni na vibanio vya nywele. Kama una kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini, sema mapema. Gharama yake si ndogo, na hapo ndipo akina mama wengi hukata tamaa na kusema mkono utapona wenyewe. Waume wanaosoma ukurasa huu tunawaomba walipime jambo hili upya. MRI nayo huweza kuukosa mchaniko mdogo. Maumivu yakibaki, daktari anaweza kupendekeza kuingiza kamera ndogo kupitia matundu madogo ya ngozi, lakini hiyo ni upasuaji, na haifai kuwa hatua ya kwanza.

Haraka ya nini? Kano iliyokatika hushoneka vizuri zaidi ikigunduliwa wiki za mwanzo. Ikiachwa, mifupa huhama mahali pake, husagana, na baada ya miaka huja baridi yabisi ya kifundo.

Tahadhari nyingine: ule mfupa wa mtumbwi ukipata ufa, ufa huo unaweza kujificha katika eksirei ya kwanza. Ukibonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba na kikauma, mwambie daktari. Huenda akakufunga plasta na kukurudisha kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Na mkono uliovimba usikandwe kabla haujapimwa, hata kama mkandaji ni shangazi.

Mwenzetu alirudi hospitali. Picha ya ngumi ilionyesha nafasi, MRI ikathibitisha, akafanyiwa upasuaji, ingawa alikuwa amechelewa. Tulipomtembelea juzi alikuwa bado na plasta, ameketi mlangoni. Ndani mumewe alikuwa anasonga ugali, na tulisikia mwiko ukigonga sufuria.