Maji ya mvua yasafishwe kabla ya kufika baharini

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua huosha barabara, gereji na masoko. Mitaro hupeleka mtoni mafuta, plastiki na kinyesi bila kuchujwa. Tope linalofika baharini pamoja na uchafu huo hunyima matumbawe na nyasi bahari mwanga.

Njia za kuyasafisha maji hayo zinajulikana. Nyavu hunasa takataka, mabwawa ya kutuamisha huacha mchanga uzame, na matete na mikoko hupunguza uchafu uliobaki. Lakini bwawa lisilozolewa tope hujaa na kukosa kazi. Halmashauri zitenge fedha za kuzoa tope hilo kabla ya kila masika.