Si kila maumivu ya tumbo baada ya uzazi ni chango

Katika Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja na kupikiwa uji wa pilipili manga. Akilalamikia tumbo, jibu huwa tayari: ni chango la uzazi.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, yapo maumivu yanayojificha nyuma ya jina hilo. Mojawapo ya asili yake, ingawa ni nadra, ni lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Baada ya kujifungua maradhi hayo huweza kuchacha, hata kwa aliyekuwa hajui kuwa anayo.

Wengi huyatambua kwa vipele vya mashavuni na maumivu ya viungo. Tumboni huja kwa sura nyingine: mishipa ya damu ya utumbo huvimba, maji hujaa tumboni, au kongosho huathirika. Mgonjwa hutapika na kuharisha. Nyumbani huambiwa ni chango. Hospitalini hudhaniwa kuwa ni kidole tumbo au uambukizo wa uzazi.

Hatari iko pande zote mbili. Akicheleweshwa, utumbo waweza kufa na kutoboka. Akiharakishwa, huenda akapasuliwa bure ilhali tiba yake ni dawa za steroidi. Nazo, kwa kuwa hupunguza kinga, hazipaswi kutolewa kabla ya kuchunguza uambukizo.

Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mama aonwe katika saa 24 za kwanza, kisha angalau mara tatu hadi wiki ya 6. Arubaini yote imo humo. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani nayo iko kisiwani. Tatizo, basi, si umbali. Ziara hizo zisiishie kwenye chanjo na uzani wa mtoto. Mama naye aulizwe: viungo vyamuuma? Nywele zanyonyoka? Mimba zimewahi kuharibika? Apimwe shinikizo la damu, na mkojo wake uchunguzwe kama una protini.

Mkaja na maji moto vina heshima yake, na bibi anayemkanda mzazi ndiye wa kwanza kuona mabadiliko. Akiona homa, kutapika kusikokoma au tumbo linalozidi kujaa, asingoje arubaini iishe.