Daftari la Wiki: Viti Saba vya Umeme Mtendeni

Jirani yangu hapa Mtendeni, Tabora, anataka kuuza Noah yake. Mama yake amehamia kwake kutoka Sikonge, watoto wamekua, na petroli inammaliza. Ameonyeshwa picha ya Nissan e-NV200 iliyotumika Japani: gari dogo kwa nje, viti saba ndani, umeme mtupu. Wiki nzima tumelizungumza barazani.

*

Hesabu zake zinavutia. Betri ya matoleo ya kwanza, ya mwaka 2014, ni ya uniti 24. Ya baadaye ni ya uniti 40. Uniti ya LUKU kwa kiwango cha kawaida ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, hivyo kujaza betri kubwa ni shilingi 14,000 na ushee. Betri ikiwa nzima, utatembea karibu kilomita 200. Noah kwa mwendo huo hunywa lita 20 hivi. Shuleni, sokoni, stesheni, Hospitali ya Kitete: familia ya mjini haiendi mbali zaidi ya hapo kwa siku. Tena milango ya pembeni huteleza na sakafu iko chini, bibi anaingia bila kunyanyuliwa.

*

Cha kuogopa ni betri iliyochoka. Usihangaike sana na kilomita za dashibodi. Hesabu vipande 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Vikipungua, umbali nao umepungua, na kuichaji usiku kucha hakuvirudishi. Muuzaji atume picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Akizungushazungusha maneno, mwache.

Joto ndilo linaloichosha, na Oktoba yetu inajulikana. Egesha kivulini. Miembe tuliyoachiwa na enzi za misafara ya Ujiji ina kazi mpya, na inaniuma kila nikiona mmoja umekatwa ili kupata maegesho.

*

Kwa kuchaji nyumbani, fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye waya wa ardhini. Soketi ya pasi haifai kubeba mzigo huo saa kumi mfululizo.

*

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Lakini mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 kwa jumla, ilianza kuzalisha mwaka 2024, na hoja ya kwamba nchi haina umeme wa kuchajia magari imepoteza nguvu.

*

Safari ndiyo kasoro. Nzega ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Betri kuukuu ya uniti 24 inaweza kukuacha porini. Na viti vya nyuma vikikaliwa, nafasi ya gunia la mchele na madumu ya asali inapungua.

Nimemwambia jirani: chukua la uniti 40 au baki na Noah. Kwa TANESCO na halmashauri zetu, ombi langu ni vituo vya kuchajia Nzega, Itigi na hapa stendi ya Tabora, vyenye plagi ya CHAdeMO inayotumiwa na magari haya ya Japani.