MPIRA MPANA SI NGUVU: TUSOME NAMBA KABLA YA KUNUNUA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, buti, maji safi na chandarua. Leo nataka kusema juu ya mipira ya pikipiki. Wengine watauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika kazi ya fundi? Jibu langu ni fupi. Mpira uliochaguliwa vibaya unaanzia sokoni, lakini mara nyingi safari yake inaishia kwangu, mezani pa kufungia vidonda.

Nitoe mfano mmoja. Kijana wa kikosi cha kusaga mawe alinunua pikipiki ndogo ya spoti, aina ile ambayo dereva anainama mbele juu ya tangi. Mpira wa nyuma ulipokwisha meno, muuzaji alimshauri atie mwingine mpana zaidi, pikipiki ipate kufanana na zile kubwa za mashindano. Akakubali, akalipa ghali. Siku ya likizo akashika njia ya Mambasa kwenda kuona familia, na mvua ikamkuta njiani. Matope yakajaa kati ya mpira na bati la kukinga matope, kwa sababu nafasi iliyobaki pale haikufika upana wa kidole. Gurudumu likakwama kwa ghafula, pikipiki ikalala juu ya mguu wake, mfupa ukavunjika.

Aliponiona aliniambia: «Docta, mimi sikukosa kitu. Mpira ule ulikuwa mpya kabisa.»

Alisema kweli, ulikuwa mpya. Lakini dawa mpya pia inaua ikipita kipimo. Kidonge cha mtu mzima hatumpi mtoto mchanga, hata kama kimetoka kiwandani jana. Kaske ilimwokoa kichwa, tunashukuru. Hata hivyo alikaa miezi minne bila kufanya kazi.

Basi tujifunze kusoma kipimo. Kimeandikwa ubavuni mwa kila mpira. Tuseme imeandikwa 80/90-17. Namba ya kwanza ni upana wa mpira: milimita 80. Ya pili inaonyesha urefu wa ubavu, nao ni asilimia 90 ya upana ule, yaani milimita 72. Ya tatu ni kipimo cha janti: inchi 17. Mipira ya namna ya zamani inahesabiwa kwa inchi tu: 3.00-18 maana yake ni upana wa inchi 3 hivi, kwa janti ya inchi 18.

Namba ya janti haina majadiliano. Kati ya 17 na 18 kuna tofauti ya milimita 25 na zaidi. Nimeona watu wakiulazimisha mpira kwa vyuma na sabuni. Waya zilizo katika ukingo wa mpira zinaweza kukatika, na mpira kuruka kutoka katika janti au kupasuka wakati wa kutia upepo, uso wa fundi ukiwa karibu.

Namba ya upana ndiyo inayotudanganya zaidi. Kila janti ina upana wake, na mara nyingi umeandikwa juu yake: 1.60, 1.85, 2.15, yote kwa inchi. Mpira mpana ukitiwa katika janti nyembamba unabanwa kingoni, na mgongo wake unachongoka. Unaonekana mkubwa, lakini sehemu inayogusa ardhi inakuwa ndogo, na katika kona pikipiki inayumba.

Vijana watanijibu kwamba viwanda vyenyewe vinatia mipira mipana. Ni kweli. Yamaha YZF-R15 ilipotoka India mwaka 2008 ilikuwa na mpira wa 80/90-17 mbele na 100/80-17 nyuma. Mwaka 2011 ikatoka nyingine yenye 90/80-17 mbele na 130/70-17 nyuma. Lakini kiwanda hakikubadilisha mpira peke yake. Kilitia pia janti pana zaidi, na mkono mpya wa alumini unaoshika gurudumu la nyuma. Sisi tunabadilisha kitu kimoja, vingine vyote tunamwachia Mungu.

Tena, pikipiki zile zilifikiriwa kwa barabara ya lami. Hapa Niania, tukielekea Bafwasende, Wamba au Epulu, tunapita udongo mwekundu wa msituni. Mpira mpana wenye meno mafupi unaelea juu ya matope na kuteleza. Mpira mwembamba wenye meno marefu unayakata matope na kutafuta ardhi ngumu chini. Kwa njia zetu, wembamba si aibu.

Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Nunua kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki au katika kibandiko chake. Kama havipo, soma janti yenyewe, usifuate mpira aliouacha mwenye pikipiki wa kwanza.

2. Mpira wa ndani uwe wa kipimo kilekile cha mpira wa nje.

3. Angalia uzito. Alama ya 52P inasema kilo 200 kwa mpira mmoja, na mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Hesabu pikipiki, wewe mwenyewe, abiria na mzigo.

4. Tafuta tarehe. Namba nne za mwisho, kwa mfano 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani dukani umezeeka bila kutembea.

5. Fuata mshale wa mzunguko, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Lisiguse mnyororo wala bati, na nafasi ya matope ibaki.

Najua shida yenu. Kipimo kinachotakiwa mara nyingi hakipatikani hapa; mtu anangoja mzigo wa Bunia au Kisangani. Afadhali pikipiki ilale juma mbili kuliko mwenyewe kulala miezi minne.

Kwa wakubwa wa kampuni nina ombi moja. Langoni mlinzi anaangalia kama tumevaa kaske. Aangalie na mipira pia, na fundi wa garaji apewe saa moja kila Jumamosi kuwasomea wafanyakazi namba za janti zao. Haitaigharimu kampuni kitu kikubwa. Mfupa uliovunjika unagharimu zaidi, na anayelipa kwanza ni mke na watoto.

Mwenye macho asome kabla ya kulipa.