Kuacha Kazi Bila Notisi Hakufuti Jasho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya waajiri wanaozuia malipo ya wafanyakazi walioondoka bila kutoa notisi.

Mpwa wangu alifanya kazi miaka 2 kamili katika hoteli moja mjini Musoma. Siku moja akaletewa habari kwamba mama yake, yaani dada yangu, yu mahututi huko Butiama. Alipanda gari jioni ile ile na hakurudi tena kazini, kwani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwuguza. Baada ya wiki 3 alikwenda kudai mshahara wa siku 22 alizokwisha kufanya kazi. Akajibiwa: "Ulitoroka, huna chako hapa." Nilitoka Bunda mimi mwenyewe kwenda kumsemea, nikajibiwa hivyo hivyo.

Ndugu Mhariri, sisemi kijana hakukosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Yeye hakuacha hata kipande cha karatasi! Mfanyakazi asipofanya kazi siku hizo za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo yake. Kiinua mgongo nacho asikiote, maana hicho ni cha aliyeachishwa na mwajiri, siyo aliyeacha mwenyewe. Nilipomweleza hivyo alinuna.

Lakini kukata siyo kunyang'anya. Anadai siku 22 za mshahara. Anadai pia likizo ya mwaka wa pili, siku 28, ambayo kila alipoiomba aliambiwa wageni ni wengi. Jumla siku 50. Ukitoa 28 za notisi zinabaki 22. Je, hizo zinazuiwa kwa sheria ipi? Tena cheti cha utumishi hakizuiwi kufidia notisi, na michango ya NSSF ni ya mwanachama, siyo ya mwenye hoteli.

Linalonikera zaidi ni kwamba mwajiri huyo huyo alimfukuza mpishi wake asubuhi, na kufika mchana mpishi yuko barabarani na mzigo wake. Siku hiyo neno notisi halikutajwa kabisa.

Vijana wengi kutoka Bunda na Butiama wanaofanya kazi mjini hunyamaza, wakidhani kwa kuwa walikosa basi wamepoteza yote. Ningewaomba Maafisa Kazi wapite mahotelini na madukani kuwaeleza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Musoma, na madai ya mshahara hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.

Za mpwa wangu zimekwisha kupita 41. Dada yangu sasa anaweza kuketi mwenyewe na kunywa uji, kwa hiyo Jumatatu tunakwenda.

Mjomba Mtu,
Bunda, Mara.