Daftari la Madeni Lavishwa Koti la Ngozi

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vina plasta, na leo nakusimulia kilichovitoboa. Usiwe na haraka, mkasa wenyewe unaanzia kwenye mvua.

Mama yangu ni mama lishe pale Kariakoo, kijiwe chake kipo upande wa Mtaa wa Mchikichi. Wateja wake wakubwa ni machinga na wabeba mizigo, watu ambao asubuhi mfukoni hamna kitu na jioni kitu kipo. Kwa hiyo wanakula kwa mali kauli, na mama anaandika: "Kofia nyekundu, wali maharage." "Yule wa mikoba, supu na chapati mbili." Majina yao hayajui yote, sura anazijua, na lisilojulikana na mama linajulikana na daftari. Usiku ule wa Julai 10, 2021 soko kuu lilipoungua, kuna watu walipoteza mali na hesabu zao kwa mpigo. Daftari la mama lilikuwa Buguruni, chini ya mto wake wa kulalia. Moto haukuyafikia madeni ya mama. Nilikuja kuyafikia mimi.

Ilikuwaje? Masika iliyopita nilikuwa natafuta karatasi ya kuandikia safu (ndiyo, hii hii unayoisoma), nikalichukua daftari lake nichane kurasa mbili za nyuma. Simu ikaita. Nikalibwaga juu ya ndoo uani, nikatoka kuongea, na si unajua maongezi yenyewe, nikapitiliza mpaka kijiweni kwa washkaji. Mvua ikashuka. Niliporudi, daftari lilikuwa limevimba kama andazi, wino wa bluu umetiririka mpaka kwenye ndoo. Wiki tatu za madeni, bwana!

Mama alijumlisha kwa kichwa, akapata kama shilingi 180,000. Kesho yake akasimama kijiweni kwake na kumuuliza kila mteja anadaiwa ngapi. Wapo waliosema kweli mpaka na hela ya maji. Wapo waliokohoa. Yule wa kofia nyekundu alikuja kavaa kofia ya kijani.

Mama hakunigombeza. Alinitengea chai kama siku zote, ila daftari jipya akaanza kulichomeka kifuani, ndani ya kanga, na kila nikipita karibu anajishika kifua. Mwanawane, bora angenitukana.

Najua msomaji wangu wa Sinza unawaza, si aandike kwenye simu? Mama ana kiswaswadu, na mikono yake ina unga tangu saa kumi na moja alfajiri. Kalamu inakubali unga. Simu inagoma.

Basi siku moja, kwenye foleni ya mwendokasi kituo cha Msimbazi, nikamwona dada mmoja kashika kitu cha ngozi, kahawia, kimezeeka kwa uzuri. Akakifungua. Kumbe ni jalada tupu, na ndani madaftari mawili membamba yameshikwa na lastiki tu! Likijaa moja unalichomoa, unapachika jingine, koti linabaki lile lile miaka na miaka. Nikamuuliza bila aibu. Akaniambia ni daftari la wasafiri, watu wanaandikia safari zao. Nilipofika nyumbani nikachimba zaidi: walioanza kulivumisha ni Wajapani wa kampuni ya Midori, mwaka 2006, na majalada yenyewe yanatengenezwa kwa mkono Chiang Mai, kule Thailand. Nikatazama bei. Nikaigeuza kuwa shilingi. Nikazima simu, nikalala.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja fundi viatu, yuko barazani Mtaa wa Narung'ombe tangu mimi sijazaliwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kiatu kiko wapi?" Nikamwambia sina kiatu, nataka koti la daftari. Akanitazama kwa juu ya miwani kama mtu aliyeletewa mbuzi ashonewe suruali. Lakini nilipomsimulia habari ya mama akavuta kigoda, akasema, "Kaa. Utashona mwenyewe. Mimi sishoni msamaha wa mtu."

Somo la kwanza lilikuwa ngozi, na hapo ndipo vijana wengi tunapopigwa. Nilikuwa nimejinunulia kipande changu Mtaa wa Kongo, cheusi, kinang'aa, muuzaji kaniapia ni ngozi halisi. Fundi hakukigusa hata. Akasema kigeuze. Nyuma kilikuwa kitambaa! Leza, bwana, ile ya makochi. Akanionyesha ngozi ya kweli: nyuma ina manyoya manyoya kama ulimi wa paka, na ukiikata, ubavu wake ni nyuzinyuzi tupu. Ukidondosha tone la maji kwenye ngozi isiyopakwa rangi nzito, inalinywa polepole na kuacha doa. Akachonga unyoya mdogo, akauwasha kiberiti. Ukanuka nywele zilizoungua. Akawasha na wa kwangu. Ukanuka mfuko wa rambo.

"Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30," akasema, "na wewe mkanda wako umetoka China." Nikautazama mkanda wangu. Sikuwa na la kujibu.

Halafu akanifundisha kitu ambacho shuleni sikukisikia. Ngozi nyingi za viatu siku hizi zinaivishwa kwa chumvi za kromu. Ukiikata katikati unaona rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Nyingine zinaivishwa kwa magome ya miti, na ubavu wake ni kahawia mpaka ndani. Mti wenyewe unao, uko Njombe, ni miwati. Kampuni ya miwati ya huko, TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 kwa shughuli hiyo ya kupata dawa ya ngozi kutoka kwenye magome. Kwa koti la daftari anapendelea ya magome, maana ni ngumu kidogo, inasimama, na kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyopendeza. Unene kama milimita mbili. Kipande cha kutosha alinikatia kwa shilingi 8,000, bei ya mtoto wa jirani.

Nikasema mimi najua kupima. Daftari la mama ni lile la kawaida, nusu ya karatasi ya A4: urefu sentimita 21, upana karibu 15. Mara mbili ya 15 ni 30. Nikakata 21 kwa 30, safi kabisa, kisu kikali, rula ya chuma. Fundi ananitazama tu, kimya. Nikapachika madaftari mawili, nikakunja... madaftari yakachungulia nje kama ndimi za mbwa! Unene wa madaftari umekula upana, na juu na chini sikuacha hata kucha. "Si ungeniambia mzee?" "Ningekwambia ungesikia?"

Elfu nane nyingine hiyo. Ni nauli ya wiki, msomaji wangu, na malipo ya safu hii unayajua, au huyajui, basi yaache.

Mara ya pili nikakata 22 kwa 32. Pembe zikazungushwa kwa kufuata kizibo cha soda. Kisha matobo. Fundi ana kile kikoleo cha kutobolea mikanda, lakini mdomo wake haufiki katikati ya kipande kikubwa, kwa hiyo tobo la kati linataka maharazi, ile sindano nene ya mafundi viatu yenye mpini wa mti. Hapo ndipo vidole vyangu viwili vilipoingia kwenye historia. Maharazi haina urafiki: ukisukuma kwa hasira inapita ngozi, inapita na wewe.

Matobo yenyewe ni matano tu. Mawili juu kwenye mstari wa katikati, yameachana nusu sentimita, sentimita moja kutoka ukingoni. Mawili chini vivyo hivyo. La tano katikati kabisa. Lastiki ni ile ya duara wanayouza maduka ya vifaa vya cherehani. Unaiingiza tobo la juu kutokea nje, inashuka ndani mpaka chini, inatoka, inavuka kwa nje, inaingia tobo la pili, inapanda ndani mpaka juu, inatoka, unafunga fundo hapo nje. Ndani unabaki na nyuzi mbili: kila moja inabeba daftari lake kwa kulishika katikati ya kurasa. Tobo la tano unapitisha kitanzi kutokea ndani, fundo linabaki ndani, na hicho ndicho cha kufungia koti lote lisifunuke. Uzi wala sindano ya kushonea haikuguswa!

Kosa langu la pili: niliivuta lastiki mpaka ikalia. Usiku ule koti likajikunja kama ng'onda juani. Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Lastiki inatakiwa ishike, isinyonge. Nikaifungua, nikailegeza. Mwisho kingo zikasuguliwa kwa kitambaa chenye maji, halafu nta ya nyuki, halafu ubao laini, suguaaa mpaka ziking'aa kama kisogo cha mtoto aliyetoka kunyolewa.

Tulipokuwa tunasugua, mzee akaniuliza kama najua neno jalada linatoka wapi. Nikasema sijui. Akasema muulize ustadhi yeyote, ni Kiarabu, shina lake ni ngozi. Yaani ukisema jalada la ngozi umesema ngozi ya ngozi! Na akaniambia wazee wa Siyu, kisiwani Pate kule Kenya, walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuijalidi kwa ngozi, na hao hao wakisifika kwa makubadhi. Nilikwenda kuhakikisha, ni kweli. Miaka mia mbili na zaidi iliyopita mtu wa pwani alikuwa akitengeneza kiatu na kitabu kwa ngozi ile ile, na mimi ninapigwa na butwaa mbele ya dada wa mwendokasi!

Jioni nikampelekea mama. Ndani nilikuwa nimepachika madaftari mawili: moja la madeni, moja la kikoba chake. Mfukoni nimeshajiandaa na hotuba. Mama akafuta mikono, akalipokea, akalinusa. Akakifungua kitanzi, akakifunga, akakifungua tena. Akachukua kijiko, akamwagia jalada maji kidogo, akasubiri, akafuta kwa kanga. Kurasa kavu.

"Umetengeneza wewe?"

"Mimi, mama."

Akaitazama plasta. Halafu akalichomoa lile daftari la pili, la kikoba, akanikabidhi. "Hili kaandikie mambo yako ya gazetini. La kikoba ninalo. La madeni usiliguse."

Akachukua kalamu, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaandika huku anatamka kwa sauti ili na wateja wasikie. Jina langu. Chai, chapati mbili, 1,500.

Nimeambiwa nilipe kabla ya Ijumaa. Mhariri, kama unasoma, naomba uharakishe. Wengine tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa, na ukimwona jamaa wa kofia ya kijani pale Mchikichi, msalimie, mwambie daftari sasa haliloi.