Shokapu za Pikipiki Zetu Mpakani

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi mnaolinda mpaka wetu kutoka Busia hadi Malaba na Tororo, mnajua kwamba neno boda boda lilizaliwa papa hapa. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Baiskeli zao nyeusi hazikuwa na shokapu hata moja. Foku ilikuwa chuma kilichopakwa rangi. Abiria alistarehe kwa sababu ya springi za kiti, godoro dogo lililofungwa kwenye keria, na zaidi ya yote kwa sababu mwenye baiskeli alijua kiasi cha upepo wa tairi kilichofaa mzigo wa siku hiyo. Hakuna abiria aliyeuliza foku imepakwa nini.

Siku hizi swali hilo linaulizwa, tena na askari wenzetu. Vijana wameona picha za baiskeli za milimani na pikipiki za mashindano zenye miguu ya rangi ya dhahabu, nao wanaamini kwamba dhahabu hiyo ndiyo siri ya ulaini. Nimemsikia mmoja akisema angetoa mshahara wa mwezi mzima ili aipate. Sikumcheka, kwani hoja yake ina chembe ya ukweli.

Mguu wa shokapu huteleza ndani ya mpira wa sili unaozuia oili isitoke. Uso wa mguu ukiwa laini na mgumu, msuguano hupungua, na shokapu huitikia hata kijiwe kidogo. Ndiyo maana kampuni ya Miyaki ya Japani huugumisha uso wa aluminiamu na kuujaza chembe za kilainisho katika vitundu vyake vidogo sana, na wengine huvika chuma titani naitraidi, ambayo nayo hung'aa kama dhahabu. Kwa mpanda baiskeli mwepesi, tofauti hiyo huweza kuhisiwa mikononi. Lakini pikipiki iliyobeba watu wawili, bunduki na mkoba wa doria ina uzito unaoushinda msuguano huo mdogo bila taabu. Pikipiki zetu zina kromu, na kromu yatutosha ikitunzwa.

Tatizo ni kwamba haitunzwi. Kromu ni utando mwembamba mno. Jiwe la moramu likiugonga, maji hupenya na kutu huanza chini yake. Kidoa kidogo kama kichwa cha sindano hukwangua sili kila mguu unapopanda na kushuka, oili huvuja, vumbi huganda juu yake na kuwa kama msasa. Mguu mmoja ukipoteza oili, shokapu mbili hazifanyi tena kazi kwa pamoja. Askari anayefunga breki ghafula katika njia za panya usiku, akimfuata mfanya magendo, huona usukani ukizama na gurudumu likirukaruka. Hapo maisha ya wawili yamo hatarini, yeye na mwenzake aliye nyuma. Nayo ile mipira ya kukinga vumbi, ikichanika, huhifadhi tope na kuficha kutu. Wengi huifurahia kwa sababu hawaoni kilichomo.

Kila askari anajua kwamba mtutu wa SMG una kromu ndani. Je, kuna afande anayemruhusu mtu aache kusafisha bunduki kwa sababu hiyo?

Katika kufunga shokapu ndipo kosa kubwa zaidi hutendeka. Fundi wa haraka hukaza ekseli na boliti zote gurudumu likiwa limekaa upande, miguu miwili ikawa haiendi sambamba, ikabana. Pikipiki hiyo hata ungeivika dhahabu tupu ingebaki ngumu. Yafaa ekseli ikazwe kwanza, kisha pikipiki isukumwe chini mara kadhaa ili miguu ijipange, ndipo boliti ya kubana mguu ikazwe. Oili iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, kipimo sawa pande zote mbili. Nimeona oili ya injini ikimiminwa humo kwa kukisia; matokeo yake ni shokapu inayochelewa kurudi juu, ikalikuta shimo la pili ingali chini.

Kupima si kazi ya mtaalamu. Funga uzi kwenye mguu juu tu ya sili, panda na mwenzako, nenda doria yako, kisha utazame uzi umesukumwa hadi wapi. Ukifika mwisho katika barabara ya kawaida, springi zimechoka au oili imepungua. Usisahau shokapu za nyuma: zisipokazwa kwa ajili ya abiria, nyuma hulala na mbele hukosa uzito wa kushika barabara.

Napendekeza kwa makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya mpakani kwamba ukaguzi wa silaha wa kila juma uambatane na ukaguzi wa miguu ya pikipiki. Kitambaa safi na tone la oili vyatosha, na kila dereva apitishe ukucha wake juu ya kromu mbele ya sajenti wake. Ukucha ukikwama, pikipiki hiyo isitoke usiku huo.